Jivu Lisilofagiwa

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, kabla haijatimu saa saba, wazima moto wa wilaya ya Orange, katika jimbo la California nchini Marekani, waliitwa kwenda kupambana na moto uliozuka katika jengo ambalo ukubwa wake peke yake ulikuwa ajabu: banda la mbao lenye kimo cha ghorofa kumi na saba, urefu uliozidi mita 300 na upana wa karibu mita 90, lililojengwa katika mji wa Tustin zama za Vita Vikuu vya Pili ili kuhifadhi vyombo vya anga vilivyojazwa gesi nyepesi, ambavyo jeshi la maji la nchi ile lilivitumia kuvinjari pwani ya Bahari ya Pasifiki likizitafuta nyambizi za Wajapani. Lilijengwa kwa mbao kwa sababu chuma kilikuwa adimu, na kilichopatikana kilihitajiwa na merikebu za vita. Mbao zenyewe zilitiwa dawa ya chumvi ili zisishike moto upesi, na katika vifaa vingine vya ujenzi mlikuwa na asbesto, madini yaliyosifiwa dunia nzima wakati ule kwa kuwa hayaungui, hayaozi, wala hayapitishi joto.

Miaka themanini ilipita. Kambi ilifungwa mwaka 1999, sehemu ya paa la banda lile ikaporomoka mwaka 2013, na jengo likabaki likitazamwa na wapenda historia kwa mapenzi, na watunza hazina kwa mashaka, hata ulipofika usiku huo wa Novemba. Helikopta zilijaribu kumwaga maji kutoka juu, lakini wakuu wa zimamoto, kwa kuona kwamba paa lingeweza kuwaangukia watu wao wakati wowote, na kwamba hapakuwa na roho ya mtu ya kuokoa ndani, walikata shauri la kuliacha liungue na kuanguka lenyewe. Kwa kadiri ya hatari iliyokuwa mbele ya macho yao, shauri lile lilikuwa na busara. Hatari nyingine haikuonekana kwa macho, nayo ilipaa pamoja na moshi, ikavuka ua wa kambi, ikatua juu ya mapaa, vibarazani, katika bustani za watoto na viwanja vya shule vya mji ule na miji jirani, kwa sura ya vipande vyeusi na vya kijivu ambavyo mtu asiyejua angedhani ni makaa tu ya ubao. Wakaguzi walipovichukua na kuvipima, waliona asbesto ndani yake. Na katika jivu yalionekana pia madini ya risasi na aseniki.

Shule zikafungwa kwa siku kadhaa, bustani za umma zikafungwa, na wakazi wakaamriwa wafunge madirisha na wasiguse kitu chochote kilichoanguka kutoka angani. Amri hiyo ya kutogusa ilikuwa ngumu kuliko zote. Ni tabia ya mwanadamu mwenye staha, Tustin kama Tanga, kutoka nje asubuhi akiona uwanja wake umechafuka, kushika ufagio; na aliyelelewa pwani yetu anajua kwamba uwanja usiofagiwa mpaka jua kupanda ni aibu ya nyumba nzima. Lakini hapa ufagio ulikuwa ni adui, na mashine za kupulizia majani, ambazo Wamarekani wanazipenda mno (na kelele zake, kwa maoni yangu, zingetosha kuzipiga marufuku hata pasipokuwa na sababu nyingine), zilikuwa adui mkubwa zaidi. Usafi ulitakiwa usubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa sehemu ya kazi.

Sababu ya jambo hili imo katika umbile la madini yenyewe. Asbesto ni jina la jumla la aina sita za madini, ambazo kati yake iliyotumika zaidi ni nyeupe, na zilizoifuatia kwa matumizi ni ya kahawia na ya buluu. Zote ni jiwe kwa asili, lakini jiwe lenye nyuzi: ukilichana hupasuka kwa urefu, na kila uzi hupasuka tena ukatoa nyuzi nyembamba zaidi, kama makumbi yanavyochambuliwa kuwa usumba, ila tu usumba una mwisho unaoonekana, na nyuzi za asbesto huendelea kugawanyika hata unene wa unywele mmoja wa binadamu ukawa sawa na unene wa mamia yao. Nyuzi za kiasi hicho hazianguki upesi kama vumbi la njiani. Huelea hewani kwa saa nyingi, na zikiisha kutua, mguu unaopita au ufagio unaokokota huziinua upya.

Zikiwa zimefungwa ndani ya saruji, katika karatasi za kuezekea au mabomba ya maji, hazina dhara kubwa maadamu saruji ile ni nzima. Moto ndio unaolivunja gereza hilo. Saruji huwa na unyevu ndani yake, na ikipata joto la ghafula unyevu ule hugeuka mvuke, mvuke hukosa njia, karatasi hupasuka kwa mshindo na kurusha vipande mbali. Waliowahi kuzima moto wa nyumba zilizoezekwa kwa karatasi hizo husema kwamba mlio wake hufanana na risasi. Wapo wanaohoji kwamba moto ukiwa mkali vya kutosha huiharibu asbesto yenyewe, nao hawakukosea: asbesto nyeupe ikifikishwa joto la digrii 600 hadi 800 hupoteza maji yaliyomo katika umbile lake ikageuka madini ya namna nyingine. Lakini moto wa jengo haupiki kwa kipimo kimoja. Pembe moja huyeyuka na pembe nyingine hubabuka tu, na kile kipande kilichorushwa mapema, kabla joto halijapanda, hutua katika bustani ya jirani kikiwa na nyuzi zake zote. Hoja hii ya moto kusafisha huwafaa sana watu wasiotaka kugharimia usafi, kwa hiyo inastahili kusikilizwa kwa hadhari.

Madhara ya nyuzi hizi yamejulikana kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kukumbuka. Mwaka 1924 tabibu mmoja wa Kiingereza, W. E. Cooke, aliandika katika jarida la matabibu wa nchi yake habari za Nellie Kershaw, mwanamke wa Rochdale aliyefanya kazi ya kusokota nyuzi za asbesto tangu ujana wake, akafa na umri wa miaka 33, mapafu yake yakiwa yamejaa makovu. Mwaka 1960, J. C. Wagner na wenzake wa Afrika ya Kusini walieleza wagonjwa 33 wenye saratani adimu ya utando unaozunguka mapafu, takriban wote wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu ya kaskazini magharibi mwa jimbo la Cape. Na lililowashtua wasomaji ni kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wachimbaji hata kidogo, bali walikuwa watu waliokulia karibu na machimbo, wakicheza utotoni katika vumbi lake. Maradhi haya hayana haraka. Huweza kukaa miaka ishirini, thelathini, hata arobaini na zaidi kabla ya kujidhihirisha, na mvutaji wa sigara aliyevuta nyuzi hizi hatari yake ya saratani ya mapafu huzidi mno kuliko ya mtu mwenye moja tu ya balaa hizo mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asbesto ya makazini huua watu zaidi ya 200,000 kila mwaka.

Haki inataka isemwe pia kwamba kipimo kina maana. Aliyepita mara moja karibu na jivu la namna hii hana sababu ya kuandika wasia. Hatari huongezeka kwa wingi wa nyuzi na kwa urefu wa muda wa kuzivuta, na ndiyo sababu wanaostahili kulindwa kuliko wote ni wazima moto, wabomoaji, na wale vibarua wanaopelekwa na koleo kuondoa kifusi kwa ujira wa siku, ambao aghalabu hawaambiwi wanazoa nini. Wakazi nao huhitaji jambo moja, yaani kuambiwa ukweli mapema. Baada ya majumba pacha ya New York kuanguka, Septemba 2001, ambapo ghorofa za chini za mnara wa kaskazini zilikuwa zimepakwa asbesto ya kukinga chuma na moto, mkuu wa idara ya mazingira ya serikali ya Marekani alitangaza wiki moja tu baadaye kwamba hewa ilikuwa salama kuvutwa. Na mwaka 2003 mkaguzi wa idara hiyo hiyo akaandika kwamba siku ile hapakuwa na vipimo vya kutosha kuthibitisha kauli pana kama hiyo. Watu wa Tustin walinung'unika sana kwa ajili ya shule zilizofungwa, na wazazi walikuwa na haki ya kunung'unika, lakini mimi naona heri shule iliyofungwa kwa shaka kuliko iliyofunguliwa kwa matumaini.

Tuje sasa katika kazi yenyewe. Kwa kuwa jivu lilikuwa limetawanyika juu ya maelfu ya nyumba, mji uliajiri wataalamu wenye vyeti vya kupima na kuondoa asbesto, wakapita mtaa kwa mtaa. Silaha yao ya kwanza ni maji, nayo hayamwagwi kwa nguvu ya mpira wa bustani, maana mkondo mkali hurusha nyuzi kama upepo unavyozirusha. Hunyunyizwa kwa upole, tena yakiwa yametiwa dawa ya namna ya sabuni inayoyafanya yapenye ndani ya jivu badala ya kuteleza juu yake. Kipande kikiisha kulowa huokotwa kwa mkono uliovaa glavu, hutiwa katika mfuko wa plastiki mnene, shingo ya mfuko husokotwa, hupindwa na kufungwa kwa utepe, kisha mfuko ule hutiwa ndani ya mfuko wa pili wenye maandishi ya onyo. Mabaki madogo yasiyookoteka hufutwa kwa vitambaa vibichi, au huvutwa kwa mashine zenye chujio linalonasa chembe 9,997 katika kila 10,000 za ukubwa ule ulio mgumu kuliko wote kunaswa. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi ya nyumbani haifai kabisa, kwa sababu huvuta nyuzi kwa mbele na kuzitapika kwa nyuma, zikiwa zimechambuliwa vizuri zaidi.

Mfanyakazi mwenyewe huvaa vazi la kutupwa, la kipande kimoja, lenye kofia na soksi zake, na barakoa ya mpira yenye machujio mawili pembeni. Kile kitambaa cha hospitali tulichokizoea wakati wa tauni ya korona hakisaidii kitu hapa, maana hewa huingia kandokando yake. Hata barakoa iliyo bora haisaidii ikiwa haikukaa sawasawa juu ya ngozi, na kwa hiyo mwenye ndevu huambiwa azinyoe. Au, ikiwa ndevu zake ni za dini au za heshima, jambo ambalo msomaji wa pwani atalielewa bila kuelezwa, hupewa kofia pana inayosukumiwa hewa safi kwa pampu ndogo iliyofungwa kiunoni, ambayo haihitaji kubana kidevu.

Mahali panapoonyesha vizuri nidhamu ya kazi hii ni lile hema la vyumba vitatu linalosimamishwa kati ya eneo la kifusi na dunia ya watu wengine. Mfanyakazi atokaye kifusini kwanza huvutwa vumbi la nguo kwa mashine yenye chujio, kisha huingia chumba cha kwanza, akavua vazi lake taratibu kutoka kichwani kwenda miguuni, akilikunja nje ndani ili uchafu ubaki katikati, na kulitia mfukoni. Barakoa haivui. Huingia nayo, mwili ukiwa mtupu, katika chumba cha pili, ambacho ni bafu, akasimama chini ya maji mpaka nywele na uso na barakoa yenyewe vimelowa vyema. Hapo ndipo huiondoa usoni, akaiosha, akaoga upya kwa sabuni, na kutokea chumba cha tatu zinapongoja nguo zake za nyumbani. Maji aliyoyaoga huchujwa kabla ya kuachiwa kwenda mferejini. Mtu akitoka kwenda kunywa chai, hufuata njia hiyo hiyo; akirudi, huanza upya na vazi jipya; na msimamizi ambaye humruhusu fundi mmoja kupita kando ya hema kwa kuwa amesahau simu yake, amelifanya hema zima kuwa pambo.

Wakati wote huo pampu ndogo zilizowekwa pembezoni huvuta hewa kupitia vichujio, navyo hupelekwa maabara. Sheria ya Marekani imeweka mpaka wa uzi 0.1 kwa kila sentimita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa nane za kazi, na nyuzi hizo huhesabiwa kwa darubini. Lakini hewa ya baada ya moto ina nyuzi za kila asili, za mbao, za pamba na za vioo, na darubini ya kawaida haiwezi kutenga mbaya na njema. Kwa hiyo inapobidi kusema kwa yakini kama darasa fulani li salama kurudiwa na watoto, hutumika darubini ya elektroni, ambayo huutambua uzi kwa umbile lake la ndani. Ni kazi ya gharama na ya polepole, na mzazi anayesubiri jibu huona kama anadhihakiwa.

Kuhusu kiwanja chenyewe cha banda, ambako moto ulifufuka mara kadhaa ukafukuta mpaka mwanzo wa Desemba, shida ilikuwa ya namna nyingine. Katika jengo zima lililosimama, mtaalamu huondoa asbesto kwanza, kipande kwa kipande, na ubomoaji hufuata baadaye; jengo lililoungua halitoi nafasi hiyo, kwa kuwa hakuna atakayepeleka watu chini ya kuta zinazoning'inia, na kwa kuwa jivu, saruji, mbao na misumari vimekwisha kuchanganyika hata haviwezi kutengwa. Kanuni ni kwamba lundo lote huhesabiwa kuwa na asbesto. Chuma huweza kuoshwa na kusalimika. Vingine vyote huzolewa vikiwa vibichi, kwa mikono mirefu ya mitambo inayofuatwa na mnyunyizo wa maji kila inapogusa, bila kudondosha kitu kutoka juu, na hupakiwa katika malori yaliyotandikwa plastiki ndani, ambayo hukunjwa juu ya shehena na kufungwa kabla gari halijaondoka. Kila lori huenda na hati inayoonyesha limetoka wapi na linakwenda wapi, na mwenye jaa hutia sahihi kwamba amelipokea. Shehena hufukiwa katika jaa lenye ruhusa maalumu, na katika muda wa saa 24 hufunikwa kwa udongo safi usiopungua sentimita 15. Jaa likifungwa, habari za kilichozikwa huandikwa katika hati ya ardhi ile, ili mnunuzi wa baadaye asichimbe msingi wa nyumba katikati yake.

Juu ya nani alipe, jeshi la maji lililokuwa mmiliki wa banda, au mji ambao wakazi wake walimwagiwa jivu, palikuwa na barua nyingi na maneno makali, kama ilivyo desturi kila mahali mali ya serikali inapoiunguza mali ya raia.

Kwa sisi wa Afrika ya Mashariki, habari hizi si za mbali kama zinavyoonekana. Katika miongo ya katikati ya karne iliyopita shule nyingi, hospitali, na nyumba za watumishi wa serikali ziliezekwa kwa karatasi za saruji na asbesto, na nyingi bado zina paa lile lile, la kijivu lililoota ukungu, ambalo limedumu kuliko mabati yoyote. Kenya, kwa kanuni zake za taka za mwaka 2006, imeiweka asbesto katika orodha ya taka za hatari, na mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, NEMA, imetoa mwongozo unaotaka ruhusa kabla ya kuondoa paa la namna hiyo na maziko katika mahali palipotengwa. Mwongozo huo umeandikwa kwa ajili ya paa zima. Paa likiungua usiku, asubuhi yake mambo huenda kwa kasi nyingine: wanafunzi huambiwa wakusanye kifusi ili masomo yaendelee, vipande vilivyo vikubwa huchukuliwa na majirani kuezekea mabanda ya kuku, na vilivyovunjika hutupwa barabarani kujaza mashimo, ambako kila gari hupita likivisaga.

Linalowezekana kwa gharama ndogo ni hili. Watu wazuiwe kuingia, hasa watoto, jivu lilowekwe maji kwa upole na kufunikwa kwa turubali kabla jua halijalikausha na upepo haujaamka, ufagio usiguse, na habari zipelekwe kwa NEMA kwa upande wa Kenya, au kwa mamlaka ya mazingira kwa upande wa Tanzania, kabla mkandarasi hajaleta tingatinga. Na wale waliokimbia na ndoo usiku kusaidia kuzima, ambao hakuna anayewakumbuka siku ya pili, wasizikung'ute nguo zao uani. Imekwisha kuandikwa katika vitabu vya matabibu jinsi wake wa wafanyakazi wa asbesto walivyopata saratani ile ile ya waume zao, ilhali hawakukanyaga kiwandani, kwa kukung'uta na kufua nguo za kazi kila juma. Nguo hizo ziloweshwe zikiwa bado mwilini au ndani ya ndoo, zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto, na maji yake yamwagwe shimoni kabla hayajakauka.